Fundo la Chizuru

Kila asubuhi Chizuru aliteremka ngazi mia mbili kutoka nyumbani kwao mlimani hadi shuleni. Mji wa Onomichi umejaa ngazi, na huko mzigo uliofungwa ovyo haufiki salama. Chakula chake cha mchana kilifungwa na Bibi Fusae kwa furoshiki, kitambaa cha mraba ambacho mtu hufungashia chochote. Mara nyingi bibi alimwita ajifunze kufunga, naye akajibu kwamba amechelewa, hata siku ambazo hakuchelewa.

Mwezi wa Septemba darasa la sita lilijiandaa kwa Siku ya Wazee. Kila mwaka wanafunzi huwapelekea wazee wa mtaa visanduku vya wali wa maharagwe mekundu. Mwaka uliotangulia walivibeba kwa mifuko ya plastiki, na upepo ukaipeperusha mifuko hiyo hadi ikaziba mifereji. Chizuru alipendekeza watumie furoshiki za nyumbani.

Mwalimu Nishikawa alipenda wazo hilo. "Na kufunga unajua?" akamuuliza.

"Najua sana, mwalimu. Bibi alinifundisha zamani."

Ulikuwa uongo mtupu, na aliusema bila kupepesa macho. Mwalimu akamwambia aoneshe palepale. Chizuru akakizungushia kisanduku chake kitambaa, akafunga ncha mara mbili, na kwa macho fundo lilipendeza. Jirani yake wa dawati, Daigo, akakibeba na kukibembeza kidogo. Fundo likateleza. Wali, yai na figili vikatapakaa sakafuni.

"Bibi yako alikufundisha kufunga au kufungua?" Daigo akamuuliza, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu aliwanyamazisha. Alisema wangejaribu tena Ijumaa, kwa kupanda ngazi za hekalu wakiwa na mizigo. Kisanduku kimoja tu kikianguka, ataagiza mifuko ya plastiki.

Chizuru alirudi nyumbani ameona aibu kweli. Alimweleza bibi yote, pamoja na ule uongo. Bibi hakugomba. Alimwambia afunge tena, akalitazama fundo.

"Ona masikio yake, hizi ncha mbili," akasema. "Moja limetazama juu, jingine chini. Fundo hili limesimama, litateleza tu. Fundo zuri hulala, masikio yake kulia na kushoto."

"Nimekosea wapi, bibi?"

"Umepitisha kulia juu ya kushoto mara zote mbili. Mara ya pili geuza, kushoto juu ya kulia."

Jioni ile Chizuru alifunga birika, boga, hata mto wa kukalia, mpaka vidole vikamuuma. Lakini kazi ngumu zaidi ilimngoja asubuhi. Alisimama mbele ya darasa.

"Nilidanganya," akasema. "Bibi alikuwa hajanifundisha, kwa sababu nilikuwa namkwepa. Amenifundisha jana. Nikikosea tena, mniambie."

Hakuna aliyecheka. Daigo alichukua furoshiki yake na kuketi karibu naye ajifunze, wengine wakafuata, wakafunga na kufungua mpaka kengele ikalia. Ijumaa walipanda ngazi za hekalu na visanduku thelathini, na vyote thelathini vikafika juu. Darasa likapiga kelele za furaha hadi mtawa akatoka kuchungulia.

Siku ya Wazee, Chizuru alimpelekea kisanduku Mzee Kanbara, aliyeuza vitambaa maisha yake yote. Msichana alipiga magoti mlangoni ili afungue mzigo mwenyewe, maana desturi ni kumkabidhi mtu zawadi na kurudi na kitambaa chako. Alivuta sikio moja likanyooka, akalitelezesha fundo, nalo likaachia mara moja.

"Aliyekufundisha hakuwa na haraka," mzee akasema. "Nawe ulimsikiliza."

Chizuru alifurahi kupita kiasi. Walipokutana tena shuleni, mapipa ya taka hayakuwa na mfuko hata mmoja wa plastiki, na vitambaa thelathini vimekunjwa mezani. Mwalimu Nishikawa aliwasimamisha wote.

"Mtaa mzima unawasifu, na mnastahili," akasema. "Lakini kumbukeni Jumatano fundo lilipoteleza. Tungekuwa bado na mifuko ya plastiki kama Chizuru angeendelea kujifanya anajua. Alisema hajui, akafanya kazi, sasa ninyi nyote mnajua."

Kisha mwalimu akatoa chupa ya mchuzi wa soya na kitambaa chake mwenyewe, akaketi kwenye dawati la Chizuru, akamwomba amfundishe.