Kamera Niliyoifunga Ilimsikia Bibi Yangu Nusu

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka ishirini na sita. Nina stashahada ya teknolojia ya habari, chumba cha kupanga mjini Bariadi, na hofu inayonishika kila simu yangu inapotoa mlio...

Nilirudi kutoka chuoni nikiamini kwamba sisi tuliosoma tungeiondoa hofu ya uchawi mkoani Simiyu kwa vifaa na maarifa. Niliamini kwa moyo wote. Laiti ningejua kwamba hofu kubwa kuliko zote ningeileta mimi mwenyewe!

Baba mdogo Nkwabi, mdogo wake marehemu baba yangu Ng'wandu, anaishi Ngulyati. Tangu biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, yeye hununua pamba ya wakulima na kuihifadhi kwenye stoo iliyo uani kwake. Msimu ule mabomba ya kupulizia dawa yalianza kupotea. Nikamshauri afunge kamera ya ulinzi.

"Itaona na panya?" aliniuliza. "Maana panya wangu mimi wana miguu miwili na wanavaa kandambili!"

Mkabala na stoo palikuwa na nyumba ndogo ya bibi yangu Milembe, mama yao mzazi. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki kwa homa ya ghafla nikiwa darasa la sita. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi, wa kuni za miti ya pamba na samadi kavu. Na nani kwetu asiyejua mwanamke mzee mwenye macho mekundu anavyonong'onwa?

Siku ya kufunga kamera alisimama chini ya ngazi akinitazama.

"Maduhu, hilo jicho halilali?"

"Halilali, bibi."

"Na linasikia?"

"Linasikia hata kikohozi."

Akacheka mpaka akajishika kiuno. "Basi siku wakimtafuta mchawi hapa Ngulyati, nitawaelekeza kwako!"

Nilicheka pia. Kisha nikaketi na simu yangu kupanga mipangilio. Unyeti wa mwendo niliupandisha hadi mwisho. Eneo la kuangaliwa nililichora kwa kidole kwenye kioo, na mstari wangu ukapita juu ya mlango wa bibi... Niliuona, nikauacha. Utambuzi wa sauti niliuwasha. Palikuwa pia na chaguo la kunasa sekunde chache kabla ya tukio. Nililizima, ili vipande vya video vinavyotumwa kwenye simu viwe vyepesi, kwa kuwa mtandao wa kule ni dhaifu. Rekodi kamili ingebaki kwenye kadi ndani ya kamera. Nilijiona fundi hodari!

Wiki ya pili, baba mdogo akiwa amesafiri kwenda Kiloleli kutafuta pamba, simu yangu ililia alfajiri. Mwendo umetambuliwa. Sauti imetambuliwa. Nilifungua kile kipande nikiwa bado kitandani.

Alikuwa bibi. Giza lilikuwa halijaondoka sawasawa, hivyo kamera ilikuwa bado inatumia ule mwanga wake usioonekana wa kurekodia gizani, na macho ya bibi yaling'aa meupe kama taa mbili. Alipuliza maji kutoka kinywani. Kisha ikasikika sauti yake kwa Kisukuma, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "...akafa kama baba yake. Maduhu wangu... akafa kama baba yake."

Hapo kipande kikakatika.

Wasomaji, nilisomeshwa kwamba kila jicho hung'aa hivyo mbele ya kamera ya namna ile. Nilijua tangu utotoni kwamba wazee wetu hupuliza maji kuelekea jua linakochomoza wanapoomba. Nilijua! Lakini mtu anaposikia jina lake likitajwa pamoja na kifo, elimu yake hukimbilia wapi?

Nilijiuliza kuhusu kifo cha baba... Na badala ya kupanda pikipiki nikamuulize bibi yangu, nilikituma kile kipande kwa Kabula, mke wa baba mdogo. Nilimwandikia: "Mama mdogo, sikiliza mwenyewe. Naogopa."

Huo ndio usaliti wangu. Neno moja, naogopa, nikiwa mjukuu na msomi!

Kabula alikuwa amepoteza mimba mbili. Alikisikiliza kipande hicho akiwa kisimani, mbele ya wenzake. Kabla ya saa nne asubuhi kilikuwa kimeshafika simu za watu nisiowajua.

Saa tano arifa zilianza. Mwendo umetambuliwa. Sauti imetambuliwa. Mwendo. Mwendo. Sauti. Simu ilitikisika mkononi mwangu kama kitu chenye uhai. Nilipofungua niliona ua umejaa watu, wengine na marungu. Nilimpigia baba mdogo, hakupatikana. Nilimpigia Kabula, hakupokea. Nilimwona kijana mmoja akipiga teke mlango wa bibi, nikasikia akisema, "Toka, mchawi we! Leo utatuambia umekula wangapi!"

Bibi alitoka. Alikuwa ameshika kata ya maji. Akawasalimia, "Mwangaluka," kama vile wamekuja kumjulia hali...

Rungu la kwanza lilimpata begani.

Kamera ile ina spika ndogo, nami sikuwa nimewahi kuitumia. Nilibonyeza alama ya kusema na kupiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Mwacheni mama! Mwacheni!"

Kwa nini nilisema mama na si bibi? Ndivyo nilivyomwita nilipokuwa mdogo. Ila sauti yangu, watu wote husema, ni sauti ya marehemu baba.

Niliwaona wakigeukia ukuta wa stoo, ilikokuwa kamera. Mmoja akasema, "Huyo ni Ng'wandu! Huyo ni marehemu!" Marungu yakaanguka. Walikimbia hata wakakanyagana. Ua ulibaki mtupu, na bibi akiwa amepiga magoti, akiutazama ukuta.

Nilimwokoa? Msiniambie hivyo. Kufikia jioni Ngulyati nzima ilisema kwamba bikizee yule amemfungia mwanawe ndani ya ukuta. Baba mdogo aliporudi hakuwa na njia nyingine. "Mayu, twende," alimwambia mama yake huku akilia, akampeleka kwa ndugu zao Shishiyu. Alikwenda na kata yake na nguo alizovaa.

Baadaye nilipanda ngazi, nikatoa kadi, nikasikiliza rekodi kamili. Sauti ya bibi ilikuwa imeanza chini sana, na kilichotumwa kwenye simu kilianza pale alipoipandisha. Maneno yake kamili yalikuwa haya: "Mlindeni Maduhu, asije akafa kama baba yake. Maduhu wangu, asije akafa kama baba yake." Neno "asije" alilisema kwa kunong'ona mara zote mbili. Kamera ilipokea kishindo, ikaacha dua...

Nilikwenda Shishiyu. Bega lake moja halinyanyuki tena. Nilimweleza kila kitu, mstari niliouchora, kipande nilichokituma, neno nililoliandika. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Na ile sauti ya ukutani, ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yangu, bibi."

Akainamisha kichwa. "Mimi nilidhani mwanangu amekuja."

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi vijana mliosoma kama mimi, nawasihi. Fungeni kamera zenu, lakini msichore mstari juu ya mlango wa mtu anayewaombea. Na simu ikikuletea jambo la kutisha kuhusu mtu wako, usilitume kokote. Ondoka, nenda ukamuulize uso kwa uso! Mimi nilikuwa umbali wa safari moja ya pikipiki tu. Sikwenda.