Kable ya Jado

Asubuhi ile Uwamwezi alikuwa peke yake sebuleni na mtoto wa siku tatu. Pikipiki ya mumewe ilikuwa imeegeshwa karibu na kabati, maana hapa Mushaki pikipiki hailazwi nje, ukiilaza nje unatafuta maneno. Akasikia *tik*. Akageuka. Kishikio cha klachi, kile sisi tunaita amburayaje, kilikuwa kimebanwa mpaka mwisho, na hakuna aliyekishika. Kikakaa hivyo kidogo, kisha kikaachiwa polepole, kama motari, dereva wa pikipiki, mzoefu anavyoachia akianza safari.

"Sebarenzi," akaita kwa sauti ya chini. "Kuya uone moto yako, hii pikipiki."

Mumewe alikuwa uani anaanika nguo za mtoto. Akaingia, akaangalia, akasema kable, ule waya wa klachi, ni mpya, bado inajinyoosha. Mwongo! Kwanza haikuwa mpya. Pili, yeye mwenyewe alijua ilikotoka, na ndiyo maana hakuthubutu kumtazama mkewe machoni.

Siku nne nyuma alikuwa mbali na kwao, kwenye barabara ya Walikale, anarudi kutoka kumfikisha mfanyabiashara mmoja. Simu ikampata kabla ya Hombo: uchungu umemwanza Uwamwezi. Akakaza mwendo. Haraka haraka haina baraka. Kwenye kilima cha tope kable ya klachi ikakatika. Sasa, motari yeyote anajua kuendesha bila klachi: unaisukuma, unarukia, unabadilisha gia kwa sikio. Taabu tu, na unachelewa. Lakini Sebarenzi hakutaka kuchelewa, na hapo karibu na daraja la magogo aliona pikipiki imeegemezwa kwenye mti. Gurudumu la mbele halikuwepo. Taa haikuwepo, kioo hakikuwepo, hata freni ya mkono wa kuume ilishatolewa. Kable ya klachi peke yake ndiyo ilibaki nzima.

Mama mmoja aliyekuwa anachoma ndizi hapo darajani, Mama Chantal, akamwona anachukua ufunguo wa kufungulia nati.

"Papa, usishike ile. Mwenyewe maji ilimubeba mwaka jana. Hawajamupata, hawajamuzika."

"Mama, bibi yangu anazala. Naazima tu. Nitairudisha."

"Na wale wengine walisema vile vile," akasema Mama Chantal, akageuza ndizi zake.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wazee walisema, lakini nani anakumbuka wazee akiwa na haraka? Akafunga kable, akaondoka. Ilikuwa laini ajabu. Kuanzia Bunyakiri akaanza kuhisi baridi juu ya vidole vyake vya kushoto, kama mtu ameweka mkono juu ya mkono wake. Na alipofika Sake, pale njia inapogawanyika, moja ya Mushaki na nyingine ya Kitchanga, klachi ikajibana yenyewe, injini ikapiga kelele na pikipiki isiende, na kila akigeuza gidoni, ule usukani, upande wa Mushaki kishikio kinabanwa, mpaka akakifungua kwa mikono miwili, akiwa analia na kutukana mbele za watu, akakishinda nguvu, akaja nyumbani. Hilo hakumwambia mtu.

Mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kiume, mzima, ananyonya vizuri. Usiku ule pikipiki ilipoingia sebuleni, akaacha kunyonya.

"Anakatala ziwa," Uwamwezi alisema siku ya pili. "Na iko baridi, Papa. Muguse mugongo."

Sebarenzi akamgusa. Mgongo wa mtoto ulikuwa baridi, na juu yake kulikuwa na alama tano nyekundu, nne upande mmoja na moja upande wa pili. Mganga wa zahanati alimpima, akasema hana homa, wamfunike. Wakamfunika blanketi mbili.

Basi, ile siku klachi ilipojibana mbele ya Uwamwezi, ukungu ulishuka mchana ukaingia hadi ndani, na pamoja nao harufu ya matope ya mto na petroli, wakati dumu la petroli lilikuwa tupu tangu jana. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, halii tena, amechoka kulia. Wazazi wake wawili wamesimama mlangoni, na wote wawili wakaona blanketi ikibonyea juu ya mgongo wa mtoto, ikainuka, ikabonyea tena, taratibu, kwa upole, kama mama anavyombembeleza mtoto alale, ila mkono wa kubembeleza haukuwepo, na kila blanketi ilipobonyea midomo ya mtoto ilizidi kuwa ya samawati.

Uwamwezi akamnyakua. "Umetuletea nani?" akanong'ona. "Sebarenzi, umetuletea nani mu nyumba?"

Hapo Sebarenzi akasema yote.

Wakamwita Mama Umurerwa, yule wa chumba cha maombi, ambaye ameshatoa mapepo mengi hapa kwetu na hana mchezo. Akaimba, akanyunyiza maji, akaamuru kwa jina la Yesu. Klachi ikajibana, ikabaki imebanwa. Akaomba mpaka sauti ikakauka. Kisha akaikaribia pikipiki, akaanza kulia.

"Huyu hafukuzwe," akasema. "Huyu anapelekwa. Iko muntu wa watu."

"Kwa nani, Mama?" akauliza Sebarenzi. "Simujue hata jina."

Uwamwezi ndiye aliyeona. Kwenye ncha ya kable, chini ya kishikio, palifungwa kamba nyembamba ya ngozi ya ng'ombe, imesukwa nyuzi tatu na uzi mwekundu katikati. "Kusuka hivi naijua," akasema. "Ni ya Mama Athanasie wa Kirolirwe. Anafungiaka ndama zake. Mutoto wake Jado alikuwa motari."

Sebarenzi akaondoka saa ile ile. Pale Sake klachi ilikuwa laini, na njia ya Kitchanga, inayopita Kirolirwe, pikipiki ilienda kama inaijua.

Mama Athanasie alikuwa uani anaosha vyombo vya maziwa. Sebarenzi akapiga magoti kwenye matope, akaeleza, akaomba msamaha, akafungua kable na kumpa. Bibi yule hakupiga kelele. Alishika ile kamba aliyoisuka mwenyewe, akaketi, akaiweka mapajani. Kitenge chake kikabonyea juu ya goti. Akaweka kiganja chake hapo, akawa anapapasa hewa.

"Unaona baridi, mwanangu," akasema. "Karibu nyumbani."

Machozi yakamtoka Sebarenzi. Alidhani mambo yameisha. Lakini bibi aliendelea kupapasa, kidole kwa kidole, halafu uso wake ukabadilika.

"Papa," akauliza polepole. "Hii iko mukono ya kushoto. Ile ingine iko wapi?"

Sebarenzi akakumbuka gurudumu, taa, kioo, freni ya kuume. Vyote vilishachukuliwa na wale wengine.

Akarudi Mushaki bila klachi, akisukuma na kurukia, taabu ile ile aliyoikimbia. Alipoingia, mtoto alikuwa ananyonya. Wiki iliyofuata akaenda hadi kule darajani kutafuta vilivyobaki, akakuta hakuna kitu, hata chesi, ule mwili wa pikipiki, walishabeba.

Kable imezikwa nyuma ya zizi la Mama Athanasie, kaburi dogo urefu wa mkono. Matanga hayajaisha, utayamalizaje kwa mkono mmoja? Kila siku Mama Athanasie anaketi kando ya barabara ya Kirolirwe na kikombe cha maziwa, anasimamisha kila motari anayepita.

"Mutoto yangu, hii freni yako ya kuume, uliitoa wapi?"

Wengi wanacheka, wanampa pole, wanaenda. Ila wapo wasiocheka. Hao wanaficha mkono wa kuume ndani ya koti kama umeshikwa na baridi, na wakipita tena hawasimami.