Kifungo cha Ishirini

Mzee alikutwa amekufa kitini asubuhi ya tarehe ishirini, blanketi magotini, redio ikiendelea kusoma habari. Kando yake, juu ya kigoda, palikuwa na kikombe cha bati chenye maji nusu na kichupa cha dawa ya moyo. Mpiga picha wa polisi alipiga kila kitu, hata makopo mawili ya vifungo yaliyokaa dirishani. Mke wa marehemu alikuwa mshonaji kwa miaka arobaini.

Ripoti ya daktari ilisema dawa ya moyo mwilini ilikuwa mara tatu ya kipimo.

Wiki moja baadaye, mama mshonaji alifika kituoni mwenyewe, akiegemea mkongojo.

"Nifungeni. Mume wangu nimemuua mimi."

Inspekta, mwanamke mnene wa maneno machache, alimvutia kiti. "Shikamoo, mama. Keti kwanza. Hata wauaji hukaa."

"Marahaba, mwanangu." Akaketi. "Nilimpa dawa, nikasahau, nikampa tena, na tena. Kwenye kile kikombe cha maua ya buluu. Mvua ilikuwa inapiga bati. Akaniambia, asante."

Alisema hivyo bila chozi, kama mtu anayesoma barua.

Alipotolewa nje kupumzika, koplo alisugua viganja. "Faili limejifunga lenyewe, afande. Amekiri."

Inspekta akapanga mezani karatasi tatu, maelezo ya mama ya siku tatu tofauti. "Soma."

Siku ya kwanza: nilimpa dawa yake, akasinzia. Siku ya nne: huenda nilimpa mara mbili. Leo: kikombe, maua, mvua, asante.

"Wewe harusi yako unaikumbuka?" inspekta aliuliza.

"Inapungua kila mwaka, afande. Nimebakiwa na viatu vilivyonibana."

"Ndivyo ilivyo. Kumbukumbu huchujuka kama kitambaa kilichoanikwa juani. Hii ya mama inazidi kukolea. Kuna mtu anaitia rangi."

Wakamrudisha mama nyumbani kwa gari. Mlango ulifunguliwa na mkwe wake, mke wa mwanawe, muuguzi, akiwa bado na sare nyeupe ya kazini. Mumewe alifanya kazi mbali; nyumba ilikuwa ya watu watatu, sasa wawili.

"Mumwonee huruma," muuguzi alinong'ona. "Kichwa chake si kile tena. Juzi ametia chumvi mara mbili."

"Nani alisema?"

"Mimi, afande."

Inspekta alimgeukia mama. "Usiniambie tena, mama. Nionyeshe tu. Ni jioni, mzee yuko kitini."

Mama akaweka mkongojo ukutani. Mikono yake ikaanza kazi bila kumwuliza. Ilichukua kikombe cha bati kwenye rafu ya chini, ikamimina maji ya mtungi, ikajifanya inatoa kidonge, ikaweka kila kitu kigodani. Alipopita dirishani, mkono ukaingia kwenye kopo la kwanza, ukatoa kifungo, ukakidondosha kwenye kopo la pili. Macho yake yalikuwa kwenye kile kiti kitupu.

"Umefanya nini hapo, mama?"

"Wapi?" Alitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. "Aa. Kidonge kimoja, kifungo kimoja. Nilipanga vifungo thelathini tarehe mosi, siku alipoletewa dawa. Sasa hata sijijui kama nafanya."

Koplo alimwaga kopo la pili mezani, akahesabu kwa kidole. "Ishirini, afande."

"Toa hiki cha sasa."

"Kumi na tisa. Jioni kumi na tisa."

"Na kichupa tulichokichukua?"

Koplo alifungua daftari lake. "Kilikuwa na vidonge thelathini. Vilibaki tisa." Akakuna kichwa. "Vimetoka ishirini na kimoja. Viwili havina kifungo."

"Viwili hivyo vimetolewa na mkono mwingine." Inspekta aliinua macho. "Mama, niletee kile kikombe cha maua ya buluu."

Mama alitafuta rafuni, kisha akatazama juu. Kilining'inia kwenye ndoano, karibu na dari. Aliinua mkono, ukaishia begani.

"Sikifikii," alisema polepole. "Hicho ni cha mkwe wangu."

"Nani alikwambia ulikitumia?"

"Tulikuwa tunakumbushana. Kila jioni ananisaidia kukumbuka."

Hakuna aliyemtazama muuguzi. Hapakuwa na haja. Alikuwa ameshakaa sakafuni.

"Baba alinilalamikia," alisema. "Nimetoka zamu, nimesimama kutwa. Akasema hajapewa dawa, jana wala leo. Nikajua mama amesahau tena. Nikampa viwili kwa kikombe changu."

"Hukumwuliza mama?"

"Alikuwa bafuni. Sikumngoja."

"Aliyesahau alikuwa mzee."

"Nililijua hilo asubuhi, nilipomgusa akiwa wa baridi."

"Kwa nini umbebeshe mama?"

"Muuguzi aliyemwua mkwewe kwa dawa, nani atamwachia wodi? Ningevuliwa sare. Na mume wangu ningemwambiaje? Mwanzoni nilimwuliza tu, 'Mama, hukumpa mara mbili?' Akanitazama, akasema, 'Labda.' Ile labda ndiyo niliyoishika. Kila jioni nikaiongezea kitu. Leo kikombe, kesho mvua. Mwishowe akawa ananisimulia yeye."

Mama mshonaji alikaa kwenye kiti cha mumewe. "Ungeniambia, mwanangu. Pengine ningeubeba mzigo huo nikiujua."

Muuguzi akafunika uso kwa aproni ya sare yake.

Koplo alimpeleka garini, kisha akarudi kufunga vifungo kumi na tisa kwenye bahasha ya vielelezo. Kile cha ishirini kilibaki mezani peke yake. Inspekta alikiokota, akakiweka kiganjani mwa mama.

"Hujamuua mtu, mama."

"Nimesikia, mwanangu." Alikifumbata. "Jioni ile, mvua ilinyesha?"

"Haikunyesha. Tulikuta uwanja mkavu."

Mama alitega sikio kuelekea bati la juu. Nje jua lilikuwa kali.

"Mbona naisikia," alisema.