Jemadari wa Kwenye Simu

Karakana yetu iko mbele ya nyumba. Nyuma tunalala, mbele tunafanya kazi. Asubuhi nikimaliza kusali, nabandika maji ya chai. Kabla hayajachemka, nasikia randa ya binti yangu ikipita juu ya ubao: shwaa, shwaa. Nikisikia hivyo najua nyumba imeamka salama.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Binti yetu mkubwa alijifunza kazi kwake tangu utotoni. Leo wateja wanamwita Fundi, na mimi wananiita Mama Fundi. Mdogo wake wa kiume tunamwita Mrefu, maana lazima ainame kila mlangoni. Yeye anapiga msasa, anapaka rangi na anabeba. Ni kijana mpole. Akicheka, hata mabega yanacheka.

Lakini kicheko hicho kilianza kupungua. Mrefu alitafuta kazi mjini akakosa. Msichana aliyempenda akamwambia hapana. Basi akawa hatoki kwenye simu, hata wakati wa kula. Ndani ya simu mlikuwa na mtu anayejiita Jemadari. Ana miwani myeusi na sauti nzito. Kila siku anawafundisha vijana namna ya kuwa wanaume.

"Mwanaume wa kweli hapokei amri ya mwanamke!" Jemadari alinguruma siku moja mezani. Simu ilikuwa imeegemea kopo la chumvi.

"Huyu anamgombeza nani?" niliuliza.

"Hagombezi, Mama. Anatufumbua macho."

"Basi fumbua na mkono, mwanangu. Chakula kinapoa."

Fundi alicheka. Mrefu hakucheka.

Kidogo kidogo maneno ya Jemadari yakawa maneno ya Mrefu. Hakumwita tena Fundi "dada". Mteja akija, alisimama mbele na kujaza kifua. "Ongea na mimi," alisema. Mteja akiuliza mbao ipi haipindi, Mrefu alianza kuangalia nyuma, akimtafuta dada yake kwa macho.

Nilimwambia, "Mrefu, Mungu alinipa watoto wawili. Hakunipa mtoto mmoja na mtumishi wake."

"Mama, mtu ana uhuru wa kusema," alijibu. Akarudi kwenye simu yake.

Hapo sijasema habari ya kabati.

Mume wangu alikuwa na sheria moja ya kubeba. Watu wawili wakibeba kitu kikubwa, anayeona njia ndiye anayesema. Anayekwenda kinyumenyume anatii, hata awe nani. Hata mimi nikisema "kushoto", mume wangu, baba mzima mwenye ndevu, alikwenda kushoto.

Siku hiyo tulipeleka kabati kwa nesi mmoja anayekaa ghorofani. Kwenye ngazi Mrefu alitangulia, akipanda kinyumenyume. Fundi alikuwa chini, uso juu, akiona njia. Mimi nilifuata na droo. Karibu na mlango wa nesi, mtu alikuwa ameacha ndoo ya kudekia.

"Simama!" Fundi alisema.

Mrefu aliendelea.

"Mrefu, simama!"

"Usinipe amri mbele za watu!"

Akapiga hatua nyingine, mguu ukaingia kwenye ndoo. Akaanguka na kukaa kitako. Kabati likateremka, likabana vidole vya Fundi ukutani. Mlango wa kabati ukapasuka kutoka juu mpaka chini.

Namshukuru Mungu kwamba mwenye kabati alikuwa nesi. Aliosha vidole vya Fundi na kuvifunga. Havikuvunjika, lakini vilivimba.

Tulipofika barabarani, Mrefu alisema, "Ungesema kwa adabu."

"Ningeanza kwa kukuimbia?" Fundi aliuliza. Kisha sauti yake ikabadilika. "Nilisema simama kwa sababu kulikuwa na ndoo. Ndoo haijali kama wewe ni mwanaume."

Jioni ile Fundi alitutangazia jambo. Mwenye karakana ya ng'ambo ya barabara alikuwa amemwomba akafanye kazi kwake.

"Jumamosi nitampa jibu," alisema. "Nampenda mdogo wangu, Mama. Lakini siwezi kubeba mbao na mtu asiyenisikia. Leo ni vidole. Kesho je?"

Sikuweza kumlaumu. Lakini niliona wazi kilicho mbele yangu. Fundi akiondoka, karakana inafungwa, maana ujuzi uko mikononi mwake. Na watoto wangu wangekuwa watu wa kusalimiana kwa mbali, huyu upande huu wa barabara, huyu upande ule.

Nilisali. Nilimwomba Mungu azime mtandao wote. Mungu hakuuzima. Badala yake, kesho yake alimleta jirani yetu, Mwalimu wa kompyuta, akiwa amebeba kiti kilichovunjika mguu.

Mwalimu huyu anafundisha vijana kutumia kompyuta. Ni mtu wa maneno machache na chai nyingi. Nilimmiminia kikombe, nikamweleza yote.

"Mwalimu, nikiitumbukiza hiyo simu kwenye maji nitakuwa nimekosea?"

"Utaua simu tu, Mama Fundi. Jemadari atabaki kichwani. Tena Mrefu ataona kwamba Jemadari alisema kweli, kwamba wanawake wanamwonea. Hebu niongee naye."

Mrefu alikuja na gundi kutengeneza kiti. Mwalimu hakumgombeza.

"Nasikia unamfuata Jemadari. Unampendea nini?"

Mrefu alinitazama mimi kwanza. "Mtanicheka."

"Hatucheki."

"Anasema na sisi vijana. Wengine wote wanatuita wavivu. Yeye anasema amka mapema, fanya mazoezi, usikate tamaa. Nilipokataliwa, hakuna aliyeniuliza naendeleaje. Yeye aliongea kama ananijua."

Niliweka kikombe chini. "Unaendeleaje, mwanangu?" niliuliza.

"Vibaya, Mama," alisema, na macho yake yakajaa maji. Nilimshika bega. Gundi ikamwagika kidogo, wala hakuna aliyejali.

Baadaye Mwalimu alisema, "Mambo hayo ya kuamka mapema ni mazuri. Sasa niambie wewe, mtu wa mbao. Ukiletewa kabati lililopakwa rangi nzito, unafanya nini?"

"Naligonga. Nasikiliza kama ndani pameoza."

"Basi mgonge Jemadari. Weka video yake moja."

Mrefu aliweka. Mwalimu aliisimamisha kila baada ya maneno machache, akarudia neno na kuuliza kama ni zima au bovu.

"Usikate tamaa. Hili?"

"Zima."

"Mwanamke hana akili ya kuongoza. Hili?"

 Mrefu alitazama vifaa vya dada yake ukutani. "Bovu," alisema polepole.

"Umeona? Dharau tupu usingeinunua. Ameichanganya na ushauri mzuri. Na kila unapotazama, yeye analipwa kwa matangazo. Mtu mwenye uchungu hutazama sana. Kijana aliyepona na kufurahi hamfai."

"Lakini simu yenyewe inaniletea. Mimi nilitafuta mazoezi tu."

"Ndiyo kazi ya simu. Inakumbuka unapokawia. Ulikawia kwa Jemadari, ikakuletea Jemadari na ndugu zake wote. Bonyeza hizi nukta tatu. Chagua hapa: sitaki kuona video kama hizi. Kisha acha kumfuata. Tafuta mambo ya useremala, tafuta mpira, tafuta vichekesho. Baada ya siku chache itabadilika."

Mimi niliuliza swali langu. "Kwa nini mtu kama huyu asifungwe mdomo?"

"Mama Fundi, ana haki ya kutoa maoni, hata maoni ya kuudhi. Tukimnyima yeye leo, kesho watakunyima wewe. Lakini nasi tuna haki ya kumpinga, na kumzima. Uhuru wa kusema haumlazimishi mtu kusikiliza. Wala hauzuii ndoo kumwangusha anayemsikiliza Jemadari."

Mrefu alicheka kidogo. Mabega yakatikisika.

"Ila uhuru una mpaka," Mwalimu aliendelea. "Akiweka picha ya mtu na kuwatuma watu wamtishe, hayo si maoni tena. Anaumiza mtu. Hapo unabonyeza kitufe cha kuripoti. Anayetishwa ahifadhi picha za vitisho hivyo, zisipotee, aende polisi."

Mrefu aliinamisha kichwa. "Alifanya hivyo," alisema. "Msichana mmoja alimpinga. Jemadari akaweka picha yake, akasema tumfundishe adabu. Watu walimtishia kumpiga. Mimi sikumtisha. Lakini niliandika tusi."

 Niliwaza kwamba yule msichana naye ana mama, na pengine alikuwa akilia mahali.

"Tusi lipo bado?" Mwalimu aliuliza.

"Lipo."

"Unajua la kufanya."

Mrefu alifuta tusi lake. Akaripoti ile picha na vitisho vyote alivyoviona. Kisha akamwandikia msichana maneno mafupi: "Nilikutukana. Nilikosa. Samahani."

Jumamosi asubuhi Fundi alivaa nguo safi, tayari kuvuka barabara. Mrefu alisimama mlangoni, ameinama kama kawaida yake.

"Dada," alisema. Nilikuwa sijalisikia neno hilo siku nyingi. "Ulijua njia, mimi nikakataa kusikia. Nimekuumiza mkono unaotulisha. Naomba unisamehe. Sikuzuii kwenda. Ukienda bado ni kosa langu, na bado naomba."

Fundi alimtazama. "Nani kakufundisha kusema hivyo? Jemadari?"

"Hapana. Nimefikiri mwenyewe."

"Ndiyo maana umechelewa."

Akampiga kofi dogo la mgongoni kwa mkono wake usioumia. Kisha akavuka barabara. Mimi nikasimama dirishani na dua mdomoni. Nilimwona akiongea na mwenye karakana, wakapeana mkono. Akarudi. Akafunga aproni juu ya nguo zake safi.

"Nimemwambia sitaki," alisema. "Na mlango wa kabati la nesi bado unatungoja. Mrefu, chagua mbao. Ukikosea nitakwambia."

"Sawa, Dada."

Siku hizi Mrefu anajifunza kukata, si kupaka rangi tu. Mteja akimwuliza asilolijua, anasema bila aibu, "Ngoja nimwulize Fundi." Jumapili baada ya ibada, vijana wenzake wanakuja kukaa kwenye benchi letu. Mwalimu anakuja na kikombe chake. Wanaongea mambo ya kazi, ya kukataliwa, ya kukosa usingizi. Wanabishana sana. Mimi napita na chai, na ninamwuliza kila mmoja anaendeleaje.

Juzi Mrefu alimpinga Jemadari kwa maandishi, kwa adabu. Wafuasi wakamshukia. Wakamwita mtumwa wa wanawake, wakamwita mtoto wa mama.

"Umeumia?" nilimwuliza.

"Hapana, Mama. Wana haki ya kusema. Na hilo la mtoto wa mama ni kweli."

Fundi aliacha randa. Alitaka asomewe yote. Mrefu akamsomea moja baada ya jingine kwa sauti nzito ya Jemadari, na Fundi akacheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi la mbao.