Pete ya Chuma Ukutani

Dalali yule nikimwona nitamtia makofi. Rafiki yangu, fundi wa injini za boti, alimuuliza kwa adabu kabla ya kununua nyumba: "Kaka, hii pete ya chuma chumbani ni ya nini?"

"Pambo tu, bosi. Si mji wa boti huu?"

Pambo! Pete ya kufungia boti, chumba cha kulala, ghorofani!

Mchana mmoja rafiki yangu akaenda peke yake kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Umeme ulikuwa bado, madirisha ya mbao yamefungwa, ndani giza totoro. Alipoingia chumba chenye pete, akasikia kitu kizito kikigonga ukuta polepole, du, du, kama boti inavyogonga gati. Kisha kamba ikalia kwa kuvutwa.

"Nani kaingia kwangu?" akafoka, akawasha tochi ya simu.

Kwenye pete ilifungwa kamba iliyolowa maji, imekaza, imezama ndani ya ukuta. Akaishika kwa hasira aifungue. Akaiachia ghafla. Fundo lilizungushwa kinyume, vile anavyofunga yeye tu tangu mashine ilipomkata kidole gumba.