Plasta ya Watu

Jumapili, soko la Kibuye mjini Kisumu huwa halina pa kuweka mguu. Bidhaa humwagika mpaka barabarani: viatu vya mitumba, mafungu ya omena, sufuria zinazometameta, redio zinazoshindana kwa kelele. Nabalayo alikuwa amesimama kwa mama wa nyanya. Gauni lake la kijani lilikuwa limemkaa vizuri, naye akijua, na leso mpya ameitupia begani. Alikuwa akichagua zilizoiva aliposikia kishindo, kisha ukelele.

Mama wa nyanya mwenyewe, ambaye sokoni wote walimwita Mama Dorca, alikuwa ameteleza kwenye ganda la ndizi akaangukia mkono. Mkono ulikuwa umepinda karibu na kiganja, mahali pasipopinda. Watu walimzunguka, kila mmoja na ushauri wake, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

"Tokeni hapo, yawa! Mama apumue!"

Kijana mrefu alipenya kati yao. Shati lake la samawati lilikuwa limepigwa pasi likanyooka, lakini viatu vyake vyeusi vilijaa madoa meupe. Akachana boksi la katoni apate kipande cha kuutegemeza mkono, akapiga magoti, akainua macho.

"Wewe dada wa kijani. Kuja unisikie mkono."

"Nakusikia, sema," akajibu Nabalayo.

"Si kusikia! Kusika! Sika hapa chini."

Nabalayo akaelewa, akauma mdomo asicheke mbele ya mtu mwenye maumivu. Wajaluo na herufi zao! Akapiga magoti, akaukinga mkono wa Mama Dorca.

"Kwa kiganja, si kwa vidole. Vidole vinabonyeza." Kijana akamtazama tena. "Haya, lete leso."

"Ni mpya! Haijakaa hata pegani."

"Pegani?" Yule kijana akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nyar Bungoma, binti wa Bungoma! Basi tuko sawa, mimi sina 'sh' na wewe huna 'b'. Lete, nitakurudisia."

"Wanaume wa Kisumu wote husema watarudisha."

"Basi twende wote hospitali uilinde."

Nabalayo akaenda, leso ikiwa imeuning'iniza mkono wa Mama Dorca shingoni. Mwenyewe hakujua ilikuwaje, lakini alasiri hiyo, baada ya mfupa kupigwa picha na daktari kuunyosha mkono, Nabalayo alijikuta katika chumba kidogo chenye harufu ya chaki mbichi, ameushika mkono uleule. Msaidizi hakuwa kazini, na yule kijana, ambaye jina lake lilikuwa Gordon, alikuwa akichovya bendeji majini na kuzizungusha taratibu.

"Itapata moto, mama. Usiogope. Lazima ipate moto ndio ikauke," alimwambia Mama Dorca. Kisha akamgeukia Nabalayo. "Una mikono mitulivu. Hii kazi inataka watu wawili, mmoja asike, mwingine azunguse."

"Kumbe wewe ni daktari."

"Hapa kila mwenye koti anaitwa daktari. Mimi ni fundi wa plasta."

Nabalayo alihisi joto likipanda chini ya viganja vyake, na alipofika nyumbani bado alikuwa akilikumbuka.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa Milimani, kwa shangazi yake, Senje Rosa. Uwanja mpana, lango jeusi, miti ya kivuli. Senje alikuwa amemtafutia nafasi katika chuo, kozi ya utabibu, na kila mgeni aliyeingia alipewa habari hiyo kabla ya chai. "Huyu muhula ujao anaanza. Akitoka huko ni daktari!" Nabalayo alitabasamu, lakini moyoni kulikuwa na kitu kilichokataa kutabasamu. Angemwambiaje mtu aliyemlea kwamba hajui kama anautaka huo udaktari?

Simu za Gordon zilikuja kila jioni.

"Nyar Bungoma, unanisikia?"

"Nikusikie ama nikushike?"

"Usinicheke. Umekula?"

"Nimekula kuku."

"Nyinyi Waluhya na kuku! Kuja Dunga nikununulie samaki, uache kutesa ndege."

Wakala samaki ufuoni Dunga, vidole vikinata mafuta, ziwa likiwa limetulia mbele yao. Na kwa kuwa Nabalayo alimfungulia moyo juu ya kozi ile, Gordon alimchukua Jumamosi moja akamtembeza hospitalini. Akamwonyesha mama anayechemsha vyombo vya upasuaji na kuvifunga kama zawadi, kijana anayechota damu bila mtoto kulia, fundi mmoja, Waswa, anayetengeneza mashine za kupumulia wagonjwa huku amelala chini ya meza, na dada anayekaa na mashine ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo akiisikiliza inavyohema.

"Hospitali ni kama arusi," Gordon akasema. "Watu wanaangalia bibi na bwana arusi tu. Waliopika hawaonekani."

Nabalayo aliuliza maswali mpaka Waswa akatoka chini ya meza kumtazama. Lakini miguu yake ilimrudisha kwenye chumba chenye harufu ya chaki. Akajua hapo ndipo anapopataka. Alishindwa tu kuamua kama anakipenda chumba kwa ajili ya mtu, au anampenda mtu kwa ajili ya chumba, na wiki nzima swali hilo lilimnyima raha.

Senje alipouliza huyo mpiga simu ni nani, Nabalayo akajibu, "Yuko hospitali, upande wa mifupa." Senje akajaza palipobaki wazi. Akasema aletwe Jumapili ale chakula.

Siku hiyo Senje alivaa kitenge chake cha zambarau chenye mabega yaliyosimama, akaalika rafiki yake wa kanisani, Maryanne, akapika kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi. Gordon alikuja na koti la kijivu, viatu amevisugua, lakini doa moja jeupe lilikuwa limemshinda.

"Karibu, daktari!" Senje alimpokea kwa mikono miwili. "Maryanne, huyu ndiye daktari wa mifupa niliyekwambia. Baadaye umwonyeshe goti."

Gordon alimtazama Nabalayo. Nabalayo akatazama sahani.

"Mama, nisamehe," Gordon akasema kwa adabu. "Mimi si daktari. Mimi ni fundi wa plasta."

Senje aliiachia mikono yake. Halafu uso wake ukabadilika, kama mwenye nyumba aliyegundua kwamba mgeni ana faida nyingine. "Ah! Wa plasta! Basi ulikuwa ukifanya ujenzi huko hospitali. Ni sawa, kazi ni kazi. Ukimaliza kula uniangalilie ukuta wa nyuma, mvua imeubandua wote."

Maryanne akacheka chinichini. Gordon alikaa akimngoja Nabalayo. Sentensi moja tu ilitosha: Senje, ni plasta ya mifupa. Nabalayo aliiona hiyo sentensi, akaionja ulimini. Lakini akaona pia uso wa Senje, na chuo, na lango jeusi likifungwa nyuma yake. Akainua jagi akaanza kuwamiminia maji watu ambao glasi zao zilikuwa zimejaa.

Baada ya chakula Gordon aliinuka, akazunguka nyuma, akautazama ukuta kwa heshima zote. "Mama, huu unataka fundi mwingine," akasema. Akashukuru kwa kuku, akaenda zake.

Nabalayo alipiga simu jioni hiyo na jioni zilizofuata, simu ikalia bila kupokewa. Kisha, alipokwenda Kibuye, Mama Dorca alimwita. Plasta ilikuwa imeshatolewa, mkono umenyooka. Akatoa chini ya meza ya nyanya leso iliyofuliwa na kupigwa pasi.

"Yule kijana ameniambia nikupatie. Amesema alikuahidi."

Nabalayo aliipokea, na macho yake yakajaa machozi mbele ya watu wote. Mwanamume wa kwanza Kisumu kurudisha kitu, na alikirudisha ili wasidaiane chochote. Akampigia palepale kwa simu ya Mama Dorca, na safari hii Gordon akapokea.

"Gordon, ni ukuta tu. Senje hakuelewa."

"Senje wako hana makosa. Plasta ni plasta, angejuaje? Wewe ndio ulijua."

"Niliogopa."

"Najua. Lakini mimi nilikaa pale nikikungoja unisike, Nabalayo. Ukasika jagi. Ulimi hauna mfupa. Na mimi nafunga mifupa tu."

"Uko wapi?"

"Nimetumwa Ahero, kwa zahanati. Mafuriko yameacha matope, watu wanateleza kila siku. Kaa vizuri."

Nabalayo alirudi Milimani kwa miguu. Alimkuta Senje jikoni akichambua mboga, akaketi kando yake, akachukua fungu lake. Akamweleza yote bila kuruka: chumba cha chaki, bendeji, kozi asiyoitaka, na maana ya plasta. Alipomaliza, mikono yake ilikuwa imechana majani vipande vipande.

Senje hakupandisha sauti. "Unajua nilipofika huu mji nilikuwa nafanya kazi gani?"

"Hapana, Senje."

"Nilikuwa nafagia wodi. Hakuna aliyeniita kwa jina. 'Wewe, kuja hapa. Wewe, panguza hapa.' Nikaapa mtoto wa ndugu yangu hataitwa 'wewe'. Ataitwa daktari."

Nabalayo alimwonea huruma. Hakuwahi kumfikiria Senje akiwa na fagio mkononi. Lakini safari hii hakutafuta jagi.

"Senje, walipokuita 'wewe', kosa lilikuwa la kazi yako ama la midomo yao?"

Senje alichambua mboga, akachambua. "Hiyo ya plasta," akauliza mwishowe, "inasomewa?"

"Inasomewa, Senje. Chuo kilekile. Naweza kuomba kubadilisha."

"Na huyo kijana..." Senje akaacha mboga, akajiziba mdomo. "Mayi, mama wee! Nikamwonyesha ukuta!" Akacheka, kicheko kikamtoa machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Asubuhi Nabalayo alikuwa Ahero. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamelala chini ya maji, na njia ya zahanati ilikuwa ya utelezi mtupu. Alivaa gauni lile la kijani, leso kiunoni. Ndani, Gordon alikuwa amechutama mbele ya mkulima mmoja, Mzee Odongo, aliyevunjika mguu juu ya kifundo. Bendeji zilikuwa majini, na msaidizi alikuwa ameitwa chumba kingine. Gordon alijaribu kuutegemeza mguu kwa goti lake huku akizungusha, na haikuwa ikienda vizuri.

Nabalayo alinawa mikono. Akapiga magoti upande wa pili, akaukinga mguu.

Gordon akaganda.

"Zungusha, itakauka mkononi," Nabalayo akasema.

"Vidole..."

"Kwa kiganja. Najua."

Akazungusha. Maji meupe yakamwagikia leso, naye Nabalayo hakuitazama.

"Daktari," Mzee Odongo akauliza, "huyu naye ni daktari?"

Gordon alimtazama Nabalayo. Alikuwa akingoja, vilevile alivyongoja siku ile mezani.

"Hapana, mzee," Nabalayo akasema kwa sauti, na waliokuwa kwenye benchi mlangoni wakamsikia. "Mimi si daktari, na huyu pia si daktari. Huyu ni fundi wa plasta. Nami hiyo ndiyo kazi ninayoenda kusomea."

"Plasta? Ile ya nyumba?"

"Ya watu, mzee. Plasta ya watu."

Mikono ya Gordon ilisimama. Chini ya viganja vya Nabalayo joto lilianza kupanda, polepole, kama siku ile ya kwanza.

"Senje anajua?" akauliza chinichini.

"Anajua. Anasema urudi ule, na usikaribie huo ukuta."

Gordon akacheka, halafu kicheko kikamwisha. "Nabalayo. Hii kazi ni ya watu wawili. Si ya leo tu. Ya..." Akameza mate. "Nisikie."

"Nikusikie ama nikushike?"

"Yote mawili. Mpaka tuzeeke."

"Yawa!" Mzee Odongo akafoka. "Mjibu huyu kijana, mama, mguu wangu uko juu!"

"Ndiyo," akasema Nabalayo. Hakuweza kumshika mkono, kwa sababu plasta ilikuwa haijakauka. Wakabaki wamechutama vivyo hivyo, mguu wa mzee katikati yao, wakingoja.