Nani Alikata Desimali za Kisima?

Saa sita na robo mchana, mama mmoja asiyejulikana na yeyote aliingia maabara ya maji, akaweka karatasi mbele ya dada mwandishi wa programu.

"Hii mmetoa Jumatano. Mnasema kisima cha shule ni salama. Basi mbona binti yangu anacheka akiziba mdomo? Meno yote kahawia! Na leo saa nane wanaunganisha maji hayohayo chekechea."

Karatasi ilisema: floridi, madini yanayotia meno ukahawia yakizidi, 1. Kikomo ni 1.5.

"Mama, kabla ya saa nane nitakupa namba ya kweli. Nakuahidi."

"Kuahidi nako ni kazi?" alisema mama, akakaa kwenye benchi.

Dada alimwendea fundi wa mashine, ambaye ofisi nzima humtania kwa kusinzia.

"Kaka, Jumatatu ulipima au uliota?"

"Niache bwana! Tazama faili mwenyewe."

Faili la mashine lilisoma 1.97. Fundi hakuwa na kosa.

Kati ya faili na karatasi kulikuwa na kitu kimoja tu: skripti, programu fupi ya lugha ya Perl, inayotoa matokeo kwenye skrini, kisha yanachapwa. Dada aliifungua. Pale alipoandika printf "%.2f", yaani tarakimu mbili baada ya nukta, sasa palikuwa na "%d". Alama hiyo haikadirii, inakata. 1.97 hubaki 1.

Akatazama kumbukumbu za faili. Badiliko lilifanywa Jumanne, saa nne asubuhi. Nywila walikuwa nayo wawili: yeye na mkuu wa maabara.

Aliingia kwa mkuu bila kubisha.

"Bosi, umegusa skripti yangu."

"Labda umekosea mwenyewe."

"Jumanne nilikuwa zahanati, dripu mkononi. Cheti cha daktari unacho wewe. Amebaki nani?"

Mkuu alivua miwani. "Kisima kikikataliwa, wanachimba upya, na mimi nasahau ukurugenzi. Tena sikudanganya. Moja si imo ndani ya 1.97?"

"Na hizo desimali ulizokata wanakunywa watoto!"

"Ukichapa karatasi nyingine, acha kitambulisho hapa. Usirudi."

Dada alirudi kwenye kiti chake, akaandika "%.2f", akaendesha skripti. Skrini ikaonyesha 1.97. Akachapa nakala mbili, akavua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani kwa mkuu pamoja na nakala moja.

Saa saba na dakika ishirini alifika kwenye benchi.

"Mama, namba yako hii. Inuka twende shuleni, nikawasomee mwenyewe."